Uzito wa Kura ya Luzira

Kuelekea uchaguzi wa Januari 2021, jimbo la Nakawa jijini Kampala lilikatwa vipande viwili. Luzira ikaangukia Nakawa Mashariki pamoja na majirani zake Butabika, Mutungo na Mbuya. Ntinda, Kyanja, Kiwatule na Naguru zikawa Nakawa Magharibi. Siku zile watu walijadili vyama tu: nani atavuna, nani atapoteza. Swali lililotangulia yote hayo halikupata nafasi. Kwa nini mgawanyo huo ulichelewa kiasi kile?

Sensa ya 2014 iliwakuta watu zaidi ya 317,000 katika Divisheni ya Nakawa, na wote hao walikuwa na mbunge mmoja wa jimbo. Divisheni ya Kati, yaani maduka, mabenki na ofisi za katikati ya mji, ilikuwa na wakazi kama 75,000 wanaolala huko, nayo ilikuwa na mbunge mmoja. Ukizigawanya hesabu hizo utaona kwamba sauti ya mkazi mmoja wa katikati ya mji ilikuwa na uzito wa wakazi wanne wa Nakawa. Hapa sizungumzii wizi wa kura wala vitisho, ambavyo vina kesi zake. Nazungumzia upungufu uliokuwamo kabla sanduku halijafunguliwa, ambao ungebaki hata uchaguzi ungeendeshwa na malaika.

Ili kuelewa jinsi Nakawa ilivyofika hapo, inafaa kutazama namna eneo lenyewe lilivyokaliwa. Luzira haikukua kama vitongoji vingi vya Kampala vilivyoenea polepole kutoka katikati ya mji. Serikali na kampuni ziliiunda kipande kwa kipande, kila kipande kwa haja yake. Ghuba ya Murchison ilipata bandari, ikapewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kati ya 1906 na 1909. Reli fupi ikaiunganisha bandari hiyo ya Port Bell na Kampala. Katika miaka ya 1920 likajengwa gereza kilimani. Kiwanda cha bia cha Uganda Breweries kikafuata mwaka 1946, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika mwaka 1955. Juu ya kilima cha Mbuya kukawa na kambi ya jeshi.

Haina maana kwamba palikuwa patupu kabla ya hapo. Mwaka 1929, watu waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchoma, kichwa na kiwiliwili, kazi ya mafundi walioishi ufukweni hapo zamani sana kabla ya gereza. Sanamu hiyo iko British Museum, London, na inaitwa kwa jina la Luzira. Naitaja kwa sababu wapo wanaozungumza juu ya Luzira kama mahali palipoanza na pingu.

Kila taasisi kati ya hizo ilileta watu wake. Bandari na reli zilileta makuli na mafundi; meli za mizigo ziliiunganisha Port Bell na Kisumu na Mwanza, na mpaka leo msomaji wa Mwanza anaijua MV Umoja iliyorudi kwenye njia hiyo mwaka 2018. Gereza lilileta askari na familia zao kutoka kila pembe ya nchi, na Kiswahili kikapata makao kambini wakati vijiji vya jirani vikizungumza Luganda. Wavuvi walijenga ufukweni. Baadaye, vita vya kaskazini vilipowafukuza Waacholi majumbani mwao, wengi walipanga upande wa Banda na Kireka, mahali palipoitwa Acholi Quarters, wakaishi kwa kuponda kokoto. Kwa hiyo jimbo hili ndani ya ufalme wa Buganda lilikuwa la watu mchanganyiko tangu mwanzo. Mgombea anayezunguka Stage 6, kisha Kitintale, kisha nyumba za askari magereza, anabadilisha lugha mara tatu kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Na kwa muda mrefu watu hao hawakuwa na mtu waliyemchagua wenyewe. Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa Kyadondo, moja ya masaza, yaani kaunti, za Buganda. Uchaguzi wa 1961 Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliususia, na waliothubutu kujiandikisha walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata wabunge 21 wa Buganda hawakuchaguliwa na wananchi. Waliteuliwa na Lukiiko, baraza la Kabaka. Mkulima au mvuvi wa Kyadondo aliingia katika uhuru wa Oktoba 1962 bila kuwa amempigia kura mbunge wake moja kwa moja. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilisukumwa nje, Mengo, Kawempe na Nakawa zikaingizwa jijini, lakini kuwa mkazi wa jiji hakukuleta kura: hapakuwa na uchaguzi mkuu mpaka Desemba 1980, na ule ulimalizikia katika vita. Februari 1989 wananchi walijipanga mistari nyuma ya wagombea wa mabaraza ya vijiji, na wawakilishi wa mabaraza ndio waliokwenda kumchagua mjumbe wa taifa. Kura ya siri ya moja kwa moja ilirudi Machi 1994, wakati wa kuchagua Bunge la Katiba.

Katiba ya 1995 ilikuja na ahadi nzuri. Ibara ya 63 inaitaka Tume ya Uchaguzi ichore majimbo yenye idadi ya watu inayokaribiana na wastani wa taifa, ambao hupatikana kwa kugawanya idadi ya watu wote kwa idadi ya majimbo. Lakini ibara hiyohiyo inasema kila kaunti iliyoidhinishwa na Bunge iwe na angalau mbunge mmoja, na jimbo lisivuke mpaka wa kaunti. Sharti hili la pili limelimeza lile la kwanza. Ukitaka kiti kipya, hoja ya idadi ya watu haikufikishi mbali. Unatafuta kaunti mpya, na kaunti mpya huzaliwa kwa ahadi za kampeni, kwa maombi ya wazee wa eneo, kwa mazungumzo ya Bungeni mwaka mmoja kabla ya uchaguzi.

Tazama matokeo yake. Mwaka 1996 nchi ilikuwa na majimbo 214. Mwaka 2011 yalikuwa 238, mwaka 2016 yakafika 290, na mwaka 2021 yakawa 353. Wabunge wanawake wa wilaya walitoka 39 wakafika 146, kwa kuwa kila wilaya mpya huja na kiti chake. Katika kipindi chote hicho cha kuzaana, kuanzia 1996 mpaka 2016, Nakawa ilibaki jimbo moja, ingawa sensa ya 2002 ilikuwa imekwisha kuonyesha wakazi zaidi ya 240,000 wakati wastani wa taifa ulikuwa kama 113,000. Makindye, Lubaga na Kawempe zilikuwa na majimbo mawili kila moja. Nakawa ikangoja.

Sitaki kudai kwamba palikuwa na njama moja. Maelezo rahisi yanatosha: hapakuwa na mtu mwenye nguvu aliyefaidika na kuigawa. Kiti cha kijijini kinachoombwa na wazee wa eneo kina shukrani ndani yake. Kiti kipya cha Kampala kina uwezekano mkubwa wa kwenda upinzani. Ndiyo maana nasema mipaka ya majimbo Uganda hufuata mahali serikali inapotarajia kushukuriwa, na watu huja baadaye.

Wilaya ya Kalangala ni mfano ulio wazi zaidi. Visiwa vyake vya Ssese vilikuwa na watu kama 54,000 katika sensa ya 2014. Vina majimbo mawili, Bujumba na Kyamuswa, na mbunge mwanamke wa wilaya: watatu kwa jumla. Mkazi wa Luzira alishiriki mbunge mmoja na watu 317,000, na mbunge mwanamke wa Kampala na watu milioni moja na nusu. Najua jibu la haraka, nalo ni la haki: visiwa vimetawanyika, usafiri ni wa mashaka, na Katiba inaruhusu kuzingatia jiografia na njia za mawasiliano. Vivyo hivyo sina ugomvi na jimbo la Ik kule Karamoja, lililoundwa ili watu wachache wa milimani wasizamishwe na majirani zao wengi. Tatizo ni kwamba Katiba ya Uganda haisemi tofauti iruhusiwe mpaka wapi. Kenya, ambayo kwa bahati imejiwekea idadi ya 290 tu katika Katiba yake ya 2010, imeweka kikomo: jimbo la mjini au la eneo lenye watu wachache lisizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 40, na majimbo mengine asilimia 30. Kwa kipimo hicho Nakawa ya 2016, iliyozidi wastani zaidi ya mara mbili na nusu, isingekuwa halali kisheria hata siku moja. Wakenya nao wana manung'uniko yao kuhusu mipaka, ila wana mstari ambao mwananchi anaweza kuupeleka mahakamani.

Wabunge wenyewe waliotoka Nakawa wanaeleza kitu kuhusu jimbo. Fred Ruhindi wa chama tawala cha NRM, mwanasheria, alilishikilia tangu 2001. Ilikuwa Nakawa yenye tabaka la kati la Ntinda na Bugolobi, yenye watumishi wa serikali na kambi, na mtu wa serikali aliweza kushinda, tena mara tatu. Mwaka 2015 alipanda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Februari 2016 akashindwa na Michael Kabaziguruka wa chama cha upinzani cha FDC.

Katikati ya kipindi hicho cha 2001 hadi 2016 lilitokea jambo ambalo wachambuzi wa siasa za vyama hulipita haraka mno. Julai 2011 nyumba za kupanga za Nakawa na Naguru, zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zilibomolewa ili kupisha mradi wa mji mpya. Familia zaidi ya 1,700 zilitawanyika. Wapiga kura wa aina moja, wenye ujirani wa miongo na uongozi wao, walifutwa mahali hapo kwa matingatinga ndani ya siku chache, na mradi ulioahidiwa haukusimama kama ulivyoahidiwa. Wengine walihamia vyumba vya Kinawataka, Banda, Mutungo. Sidai kwamba tukio hili moja lilimwangusha Ruhindi miaka mitano baadaye. Ninachosema ni kwamba jimbo hubadilika pia pasipo kuguswa mipaka yake, na katika mji ambao wengi ni wapangaji, mwenye kuamua nani avunjiwe nyumba anaamua pia, atake asitake, nani atapiga kura wapi.

Kabaziguruka hakutulia Bungeni wiki nyingi. Juni 2016 alikamatwa, akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi pamoja na wanajeshi, akituhumiwa kula njama ya kuiangusha serikali. Hakuwa mwanajeshi, naye akalipeleka swali hilo Mahakama ya Katiba: raia anashtakiwaje kijeshi? Julai 2021 mahakama hiyo ilikubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Wiki tatu baadaye mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, aliyekuwa mahabusu Luzira kwa mashtaka ya kijeshi, alipelekwa Mahakama ya Nakawa kusomewa shtaka la uhaini kiraia, kisha akarudishwa rumande Luzira. Katikati ya mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria ya jeshi na kurudisha, kwa masharti, uwezo wa kuwashtaki raia huko. Lakini jina la mbunge wa Nakawa limebaki katika vitabu vya sheria vya Uganda. Wapiga kura wa Luzira waliompeleka hawakupata muhula tulivu wa mbunge anayefuatilia mitaro na shule. Walipata kesi ambayo nchi nzima inaitegemea.

Mwaka 2021 wimbi la chama cha upinzani cha NUP lilichukua majimbo manane kati ya tisa ya Kampala. Nakawa Mashariki ilikwenda kwa Ronald Balimwezo, aliyekuwa meya wa divisheni hiyohiyo, na Magharibi kwa Joel Ssenyonyi, ambaye mwanzoni mwa 2024 alishika nafasi ya Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Kila nusu sasa ilikuwa na mtu wake. Hata hivyo mbunge wa Kampala ana mikono mifupi kuliko wa kwingineko. Tangu sheria ya 2010 ilipouweka mji chini ya serikali kuu kupitia KCCA, mamlaka ya jiji, barabara ya Port Bell, masoko na mabomba ya maji machafu yanayomwagika kwenye ghuba vinaamuliwa na watendaji walioteuliwa. Mbunge anaweza kuuliza maswali Bungeni, na maswali ya Ssenyonyi kuhusu fedha za mashirika ya umma yalisikika sana. Lakini mama anayeuza samaki ufukweni, mafuriko yakimfikia, anampigia simu mbunge asiye na bajeti ya mtaro.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote. Katika orodha ya miluka ya Nakawa, yaani ngazi ambayo Tanzania ingeiita kata, kuna muluka wa Luzira na pembeni yake kuna muluka mwingine unaoitwa Luzira Prisons. Humo mna gereza la ulinzi mkali, gereza la Murchison Bay, mahabusu ya Kampala na gereza la wanawake, pamoja na nyumba za askari. Gereza kuu lilijengwa kwa ajili ya watu 600, na limekuwa likibeba zaidi ya 3,000. Sensa ya Uganda humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo maelfu ya wafungwa na mahabusu, wengi wao wakingoja hukumu, huhesabiwa kuwa wakazi wa Nakawa, na mara Tume inapoanza kupima ukubwa wa jimbo, wamo. Siku ya kupiga kura hawamo. Askari aliyewafungia mlango anakwenda kituoni. Aliyefungiwa anabaki ndani.

Wapo wanaosema mfungwa amejinyima mwenyewe. Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 59 inampa kila raia wa miaka 18 au zaidi haki ya kupiga kura, bila kumtoa aliye gerezani, na Juni 2020 Jaji Lydia Mugambe wa Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Steven Kalali, aliamua kwamba wafungwa na Waganda walio ng'ambo wana haki hiyo. Uchaguzi wa Januari 2021 ulifanyika bila wao, kwa maelezo kwamba maandalizi yasingewezekana. Jirani tu, nchini Kenya, kesi iliyoanzia gereza la Shimo la Tewa mjini Mombasa iliwafungulia wafungwa kura ya maoni ya 2010, na tangu 2017 wanampigia kura rais. Afrika Kusini walishapiga tangu 1999.

Hoja ya uwezo wao haihitaji nadharia. Ndani ya gereza kuu la Luzira wafungwa wanaendesha ligi ya mpira yenye timu zilizopewa majina ya vilabu vikubwa vya Ulaya, chini ya chama chenye katiba yake na viongozi wanaochaguliwa. Wanafanya kampeni na wanakubali kushindwa. Watu hao wanaweza kumchagua mwenyekiti wa chama cha soka kwa utaratibu ambao vyama vyetu vya siasa vingeuonea wivu, na wananyimwa kumchagua mbunge.

Hata hivyo kuwapa kura hakumalizi hesabu. Wapige kura ya jimbo gani? Mtu wa Gulu aliyeletwa Luzira kwa kesi hana mtaro Luzira, hana mtoto shuleni Mutungo. Marekani walikumbana na swali hili: wafungwa waliotoka miji mikubwa walihesabiwa katika miji midogo yenye magereza, na viti vikafuata hesabu. Mwaka 2010 New York na Maryland zilipitisha sheria za kuwahesabu wafungwa makwao wakati wa kuchora majimbo. Nadhani Uganda ifanye vivyo hivyo. Mfungwa ampigie rais akiwa Luzira, ampigie mbunge wa kwao kwa karatasi ya kwao, na idadi yake itolewe katika hesabu ya Nakawa Mashariki na kupelekwa anakotoka. Wakazi wa Luzira hawatapoteza chochote cha haki kwa hilo, kwa sababu hata bila wafungwa bado ni wengi kupita kiasi.

Sensa ya 2024 imehesabu watu milioni 45.9, na Kampala karibu milioni 1.8. Kwa majimbo 353, wastani wa taifa ni kama watu 130,000. Kampala ina majimbo tisa, kila moja kwa wastani watu karibu 200,000. Kuigawa Nakawa kulipunguza mzigo wa Nakawa, na pengo kati ya mji mkuu na nchi lingali palepale. Tena Kampala inafurika kwenda Wakiso, yenye watu zaidi ya milioni 3.4, na huko pengo linajirudia.

Ibara ya 63 inaagiza mipaka ya majimbo ipitiwe ndani ya miezi 12 baada ya matokeo ya sensa kutangazwa. Kupitia si lazima kuwe kuongeza; Bunge lenye watu zaidi ya 500 limeshakuwa mzigo kwa walipa kodi, na haki ya Luzira inaweza kupatikana kwa kuunganisha majimbo madogo ya bara yaliyozaliwa kwa ahadi. Hilo ndilo gumu kisiasa, kwa kuwa kila jimbo dogo lina mbunge aliyeketi ndani ya Bunge lile lile linaloidhinisha kaunti. Kwa hiyo kikomo cha asilimia kiandikwe kwanza, kama cha Kenya, na visiwa na watu wachache kama Waik watajwe kwa majina kuwa wametengwa na kikomo hicho. Kwa upande wa wafungwa kazi ni nyepesi kuliko inavyosemwa: daftari la wapiga kura tangu 2016 limejengwa juu ya taarifa za vitambulisho vya taifa, kila aliyeandikishwa ana namba yake na muluka wake, na Magereza ina orodha ya kila aliye ndani. Kinachobaki ni Tume na Magereza kukaa meza moja na kuzilinganisha orodha hizo mbili, mapema, kabla ya kampeni kuanza.